Saa ya Mwalimu Kulwa Ndani ya Gunia la Maharage

Waliokuwepo uwanjani Jumamosi ile ni hawa. Mwalimu Kulwa, mwalimu wa michezo, mtu wa Shinyanga aliyeletwa kwetu na uhamisho na hakuwahi kuzoea joto la Pwani. Shabani Mkwachu, bingwa wetu wa mita elfu moja na mia tano, mtoto wa Mzee Mkwachu wa Makurunge. Mama yake ndiye aliyenisuka nywele siku ya ndoa yangu. Idi Pazi, tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, mtoto wa Bi Fatuma muuza uji pale Zinga. Rehema Mwinshehe wa Kiwangwa, mjukuu wa binamu yangu Bi Chausiku, na kwangu mimi ni mwali wangu, maana mimi ndiye somo wake, niliyemfunda. Bi Mariamu, mwenzangu wa jikoni, mke wa kaka yangu Omari, mwanamke mwema ambaye hajawahi kuweka siri hata moja tangu namjua. Na mimi, Tatu binti Salum, mpishi wa shule, nimesimama pembeni ya mstari wa chokaa na upawa mkononi kama mtu aliyetoka kuangalia kama mvua inakuja.

Wengine walikuwa watoto wa kambi ya riadha, kama ishirini. Naweza kuwataja wote na baba zao, lakini daftari hili ni jembamba.

Kilichokosekana ni saa. Nasema ile saa ya kubonyeza, ya kupimia mbio, nyeusi, yenye kamba ya njano, ambayo Mwalimu Kulwa aliivaa shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, na nadhani hata kuoga alioga nayo. Siku ile shingo yake ilikuwa tupu. Alipekua mifuko ya suruali, akapekua begi, akarudi kwenye mifuko ileile kana kwamba saa ingeona haya ijitokeze.

"Jamani, nani kaiona saa yangu?"

Watoto wakatazamana. Bi Mariamu akanitazama mimi. Nikamkanyaga kidole cha mguu.

Sasa tuelewane, wajukuu zangu. Naandika haya kwa ajili yenu mnaopita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi mkikimbia, simu mmezifunga mikononi kama hirizi, mnaniamkia "Shikamoo, bibi!" na pumzi hamna. Wiki iliyopita mmoja wenu, Zawadi wa kwa fundi cherehani, alinipigia kelele bila kusimama: "Bibi, wale waliokuwa wakali zamani wakiwa na umri wetu, walifika wapi?" Akapita. Ningemjibu, lakini nimjibu nani, kisogo? Na mkisimama niwasimulie, misuli yenu itapoa, kisha mseme ni bibi. Basi someni mkiwa mmekaa.

Mimi si mwalimu wa riadha. Nimesoma mpaka darasa la nne, baba akafariki, nikaingia jikoni na sikutoka. Miaka ishirini na sita nilipika katika shule moja ya sekondari kwenye barabara ya Dar. Kila mwaka kabla ya mashindano ya shule za mkoa, wakimbiaji wa wilaya waliletwa kwetu kambini, na kula yao ilikuwa mikononi mwangu. Mwalimu aliwajua kwa dakika na sekunde. Mimi niliwajua kwa sahani: nani kachoka, nani anaumwa anaficha, nani anakua, nani ana mchumba. Aliyechoka anakula nyama anaacha ugali. Anayekua anakula vyote kisha anakaa mlangoni anaangalia sufuria la wenzake. Mwenye mchumba anaomba asiwekewe kitunguu.

Nilijifunza kwa makosa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kubwa. Mwaka wangu wa kwanza kambini niliwapa wavulana maharage saa sita mchana, sahani zimejaa, kwa mapenzi tu. Mbio za mita mia nane zilikuwa saa tisa. Walianza vizuri. Mzunguko wa pili wakaongeza mwendo, wote wanne wa kwetu, nyuso zimekunjamana, mgeni rasmi akainuka kitini akapiga makofi. Wakavuka mstari wa mwisho na hawakusimama. Walinyoosha moja kwa moja mpaka vyooni. Mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti kwamba vijana wa Bagamoyo wana pumzi za ajabu.

Tangu siku ile maharage nayapika jioni tu. Siku ya mbio ni wali kidogo au viazi vitamu, tena mapema. Dafu baada ya kukimbia. Na mkienda kukimbilia ufukweni, subirini maji yapwe, kimbieni pale mchanga ulipobana. Na mkienda lazima mrudi kwa njia ileile, maana ufuko umeinama. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja unafanya kazi ya bondeni na mwingine ya mlimani, na kesho yake unakuja kwangu unachechemea unasema umerogwa. Mafuta ya nazi ya moto nitakupaka, lakini hujarogwa.

Turudi kwa swali la Zawadi. Nianze na Shabani.

Siku ya kwanza Shabani Mkwachu alipoingia jikoni kwangu nilimpa kiti. Nilidhani ni mzazi. Alikuwa na sharubu, sauti nzito, mabega kama mbeba magunia, na miaka kumi na mitano. Timu za wilaya nyingine zilipomwona zilipiga kelele, "Kijeba! Kijeba huyo!" yaani mtu mzima aliyejificha kwa watoto. Mwalimu mmoja wa Kisarawe akadai cheti cha kuzaliwa. Mwalimu Kulwa akatoa. Yule bwana akakigeuza huku na huku, akasema cheti ni kipya mno. Mimi nikatoka na mwiko wangu nikamwambia, "Baba, mimi nilikula pilau ya arobaini ya mtoto huyu. Ukitaka nikutajie na waliokosa nyama." Akakirudisha cheti.

Shabani hakudanganya umri. Mwili wake uliwahi tu. Wenzake walikuwa bado watoto, yeye keshakuwa mwanaume, basi akawa anawaacha hatua thelathini, anageuka nyuma kuwaangalia kama mchunga mbuzi. Gazeti likaandika. Watu wakasema huyu ndiye.

Nyuma kabisa ya mbio hizohizo alikuwa Kijiti. Miguu kama mipini ya jembe, jezi inampeperuka, anamaliza wa tisa, wa kumi. Lakini mimi nilikuwa naiona kaptula yake. Mwezi wa kwanza ilifika magotini, mwezi wa sita ilikuwa imepanda juu. Na sahani anairamba. Nikamwambia Bi Mariamu, "Huyu hajaanza." Bi Mariamu akasema, "Hajaanza nini?" Nikasema, "Kufika."

Miaka mitatu baadaye wenzake Shabani nao wakaota sharubu. Hatua thelathini zikawa kumi, kumi zikawa moja, kisha yeye akawa nyuma. Hakuwa mvivu wala mlevi, msije mkasikia ya mitaani. Alikuwa amekopa urefu wake mapema, basi. Leo ana karakana ya kuchomelea mageti huko Makurunge, watoto watano, anacheka kuliko wote. Kijiti alipata kazi Dar es Salaam, akachukuliwa na timu ya kazini kwake, akakimbia mpaka akaota mvi, na jezi ya taifa aliivaa. Shabani huwa anamtania: "Wewe Kijiti, nilikufundisha kuangalia mgongo wangu, ndiyo maana ulijua njia."

Kwa hiyo kwa wavulana nilishaona. Kwa wasichana ni kinyume, na hapo ndipo saa ya Mwalimu Kulwa ilipotoweka.

Rehema alikuja kambini ana miaka kumi na minne, anatoka mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, miguu imechanwachanwa na majani yake. Mwepesi kama kuku wa kienyeji. Mita mia nane aliwaacha wasichana wa kidato cha nne wakitafuta alikopita. Mwalimu Kulwa alibonyeza saa yake, akaiangalia, akaitikisa, akaipeleka sikioni. Jioni ile alikula sahani mbili kwa furaha, na yeye ndiye asiyekimbia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, Rehema akawekwa ndani. Kwetu msichana akivunja ungo anakuwa mwali: anakaa ndani, haonekani na wanaume, hapigwi na jua, anafundwa na somo wake, kisha anatolewa kwa ngoma. Zamani ilikuwa miezi, sasa ni likizo tu ili asikose shule. Bi Chausiku alinichagua mimi niwe somo, na sikuweza kukataa. Basi nikawa na kazi mbili zisizopendana. Mpishi wa kambi anataka mkimbiaji mwepesi. Somo anataka mwali atoke aking'aa, mashavu yamejaa, watu waseme kweli amelelewa. Na mimi chakula najua kukipika. Uji wa mchele wa nazi, vitumbua, samaki wa kupaka, ndizi. Nilimlisha, wajukuu zangu. Nilimlisha vizuri mno.

Kwa upande mwingine sikuweza kumwona mtoto anakaa tu. Ya ndani siyaandiki, msitegemee. Lakini faida moja ya kuwa somo ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kukuuliza unafundisha nini. Nikamletea kamba ya kuteka maji. Kila asubuhi nikifunga mlango, anaruka kamba, mia, mia mbili, na mimi naimba ili kuficha sauti. Mashangazi barazani wanasikia tu, puu, puu, puu, wanatikisa vichwa: "Bi Tatu anamfunda mtoto yule barabara."

Siku moja si akaja Mwalimu Kulwa! Kapanda pikipiki kutoka mjini mpaka Kiwangwa, filimbi shingoni, saa shingoni, anamtafuta mkimbiaji wake. Nilimsikia kutoka ndani.

"Hodi! Nimekuja kumwangalia Rehema. Anaumwa?"

"Haumwi," akasema Bi Chausiku.

"Ameolewa?"

"Mungu apishe mbali! Yuko ndani."

"Basi namwomba atoke kidogo."

Wanawake wote wakaangua kicheko, kicheko kile cha barazani kinachomfanya mwanaume ajikague kama kavaa suruali. "Mwalimu," Bi Chausiku akamwambia, "mwali hatoki kidogo. Anatoka siku moja, anatoka mzimamzima."

Maskini, kwao hawafanyi hivyo, angejuaje? Akasimama uani jasho linamtoka. Na Rehema kule kwenye chumba, bila kujua, akaendelea kuruka. Puu, puu, puu. Mwalimu Kulwa akainua kichwa. Kwa tundu la mlango nilimwona akiishika saa, akaibonyeza, akahesabu mapigo, akaibonyeza tena. Akatabasamu.

"Mnamfundisha vizuri," akasema. "Endeleeni na mila zenu."

Akapanda pikipiki akaondoka. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Rehema akatolewa, ngoma ikalia, mashavu yanang'aa, kila mtu akanisifu. Kisha kambi ikafunguliwa na sifa zikaisha. Mtoto alikuwa amerefuka, uzito umeongezeka, miguu haijui tena iishie wapi. Jumamosi ya kwanza Mwalimu alimpima. Alimaliza wa saba kati ya tisa. Mwalimu aliangalia saa, na safari hii hakuitikisa.

Rehema alikuja jikoni ameshika viatu. "Somo," akaniambia, "mbio zangu zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda likizo."

"Zisiporudi?"

"Nitazifuata mwenyewe. Kaa, ule."

"Sili. Vitumbua vyako ndivyo vilivyonifikisha hapa." Akalia kidogo, akacheka kidogo, akalia tena. "Mwalimu ana sheria, unaijua. Ukirudi nyuma mara mbili kwenye saa, anakufuta. Akinifuta, somo, viatu hivi nakupa wewe ukapalilie navyo. Sikimbii tena, sikimbii hata nikikimbizwa na nyuki."

Sheria ile niliijua. Kambi ilikuwa na vitanda vichache na Mwalimu hakuwa mkatili. Alitaka nafasi iende kwa anayepanda. Lakini katika wote aliowafuta, wasichana hasa, sikuona hata mmoja aliyerudi. Mwanahawa Jongo, aliyekuwa anaruka mitaro bila kuangalia. Salma Kidunda. Pili Mtoro. Wote walikuwa moto wakiwa na miaka kumi na minne, wote wakapungua walipokua, wote wakafutwa Jumamosi. Na mimi niliwapikia, nikawaona Jumapili wamebeba mabegi, nikafikiri ndivyo mambo yalivyo. Lakini Pili alikuja kuwa jirani yangu hapa Zinga, na siku moja, ana miaka ishirini na mtoto mgongoni, alimfukuza mwizi wa kuku kutoka kwangu mpaka barabara ya lami, na akamkamata. Nilisimama mlangoni nikasema: kumbe zilirudi! Mbio zilirudi, zikakuta mwenyewe hayupo uwanjani.

Ndiyo maana Ijumaa ile, Mwalimu Kulwa alipokwenda kusali kanisani kwao jioni na kuiacha saa kwenye meza yangu karibu na chupa ya chai, sikufikiri sana. Niliichukua, nikafungua gunia la maharage, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Turudi basi uwanjani, Jumamosi, na Mwalimu asiye na saa. Shabani alijitolea kuazima ya mwenye duka. Ikaletwa; ilikuwa haina mshale wa sekunde. Mwalimu akasema, "Haidhuru, nitahesabu kwa mdomo." Akapuliza filimbi, wasichana wakatoka, akaanza: "Moja, mbili, tatu..." Mpaka arobaini alikuwa sawa. Lakini mwalimu wa mbio hawezi kunyamaza. "Hamsini na mbili, inua mikono wewe! Hamsini na... kaza! Kaza, Rehema! Hamsini na... nilikuwa ngapi?"

"Sabini, Mwalimu!" Shabani akapiga kelele.

"Arobaini na tisa!" akasema Kijiti.

"Tisini," nikasema mimi.

Wakamaliza, Rehema ni wa sita, na hakuna binadamu aliyejua ni sekunde ngapi. Mwalimu alisimama mikono kiunoni. Nilimwona anatazama miguu ya wale watoto, mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa kifuani.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe yako mambo ambayo mtu wa darasa la nne hakuambiwa na mtu yeyote kuhusu saa zile za kichina.

Mwalimu alikuja jikoni kunywa chai. Akakaa kwenye kiti, mgongo kwenye gunia la maharage. Karatasi ya majina iko mezani, kalamu iko mkononi, na jina la Rehema keshalichora mstari katikati. "Hata bila saa naona, Bi Tatu," akasema kwa huzuni. "Amerudi nyuma." Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo gunia likalia. *Tii-ti!*

Mwalimu akaacha kunywa.

"Bi Tatu, gunia lako linalia."

"Panya hao, Mwalimu."

Akatazama saa ya ukutani. "Panya wa saa nne kamili?"

Bi Mariamu akatoka nje haraka kwenda kucheka. Mwalimu akafungua gunia, akachovya mkono, akaivuta saa kwa ile kamba ya njano, maharage yakimwagika. Akaifuta kwenye shati. Hakukasirika upesi, watu wa kwao wanakasirika polepole, na hiyo ndiyo inayotisha.

"Kwa nini?"

"Ulitaka kumfuta."

"Saa haisemi uongo, Bi Tatu."

"Haisemi uongo, lakini inasema ya leo tu. Mimi nimeiuliza ya mwaka kesho kutwa, imenyamaza kwenye maharage usiku kucha."

"Mimi nina vitanda ishirini na viwili."

"Na mimi nina macho mawili, na yameona wengi kuliko vitanda vyako. Mwalimu, huyu mtoto mwili wake unajengwa. Ukipita ukakuta fundi ameinua ukuta nusu, unamwambia nyumba yako inavuja? Shabani ulimkuta amekwisha ezekwa, ukamsifia bati. Huyu msubiri."

"Nimsubiri mpaka lini?"

"Miaka miwili. Akimbie na wenzake, ale, asipimwe."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi utakuwa umemlisha mtoto wa watu maharage miaka miwili. Amekufa nani?"

Nikamhadithia ya Pili na mwizi wa kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: kutoka kwangu mpaka lami ni umbali gani? Nikamwonyesha kwa mkono, kama kutoka hapa jikoni mpaka pale kwenye kibanda cha mkaa. Akafumba macho, nikaona anapiga hesabu. Akapuliza hewa.

"Na mtoto mgongoni?"

"Na mtoto mgongoni. Tena analia."

Basi akachukua kalamu. Jina lilikuwa limekwisha chorwa mstari kwa wino, halifutiki. Chini kabisa ya karatasi, nafasi ya mwisho, akaandika upya: Rehema Mwinshehe, jikoni. "Mkuu wa shule akiuliza," akasema, "ni msaidizi wako. Na wewe ukiigusa saa yangu tena, nitakukimbiza wewe hiyo mia nane."

"Nitashinda," nikamwambia. "Nani atakayepima?"

Miaka miwili ile haikuwa tamu, sitawadanganya. Rehema alikuwa wa sita, wa tano, mara moja wa mwisho. Kuna katoto ka kidato cha kwanza kalimpita kakageuka kakamuuliza, "Dada, kwema?" Alikuja akakata vitunguu vya watu mia moja siku hiyo ili alie bila kuulizwa. Kila Jumamosi zamu ya wasichana ilipofika, Mwalimu alikuja jikoni mwenyewe, akaizika saa kwenye maharage, akarudi uwanjani. Rehema akimuuliza, "Mwalimu, nimekimbia ngapi?" anamjibu, "Kilo mbili na robo."

Mimi sikumlisha kwa kumnyima, mkumbuke hilo, ninyi wasichana mnaoshindana kuacha kula. Nilimlisha kama anayekua, maana ndivyo alivyokuwa. Mwalimu mwingine angesema apunguze. Ningempiga mwiko.

Kisha asubuhi moja, Rehema ana miaka kumi na minane, Kijiti alikuja jikoni amekunja uso.

"Shikamoo, Bi Tatu. Yule mtu wenu mmempa nini?"

"Marahaba. Mtu gani?"

"Rehema. Kutoka kwenye mikoko mpaka sokoni nimemsikia anapumua mgongoni mwangu. Nimeongeza, kaongeza. Tena anaimba!"

Nikachota maji nikanywa. Nikampa kiazi.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, Zawadi. Wanaong'aa wakiwa watoto, wengi hawafiki, na si kwa sababu kipaji kilikuwa cha uongo. Wengine waliwahi tu, kama Shabani, na wenzao wakawafikia. Nao si hasara, walifurahi siku zao. Wengine walipita kwenye kichaka cha kukua na waliokuwa wanawaangalia hawakuwasubiri watoke upande wa pili. Niliowapikia wakafika utu uzima wakiwa bado wakimbiaji, wa kweli wa kweli, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kinabaki. Katika hao wanne, mmoja tu alikuwa anashinda akiwa na miaka kumi na minne. Na huyo alikuwa amefutwa kwa wino.

Mashindano ya wakubwa ya mkoa yalikuwa Kibaha. Rehema ana miaka ishirini na miwili. Mimi nimestaafu, Mwalimu Kulwa ana mvi na bado joto linamsumbua, Shabani kafunga karakana kuja kutazama, kaleta mwavuli. Mita mia nane wanawake. Aliyetangulia ni msichana mmoja wa Mafia, Asha Kombo, mrefu, anakimbia kwa madaha kama anakwenda harusini. Rehema wa tano. Mzunguko wa kwanza ukaisha, kengele ikalia, Rehema wa tano bado. Nikashindwa kujizuia. Nilisimama juu ya benchi nikamzomea yule wa Mafia: "We Asha! Chungu kinaungua huko nyumbani! Asha, rudi!" Watu wakacheka, askari akaniambia, "Bibi, shuka." Nikamwambia anishike mkono basi nishuke, akanishika, na nikakaa juu palepale nimemshika.

Upande wa mbali wa uwanja Rehema akawapita wawili. Akampita mmoja. Kwenye kona akafika mgongoni kwa Asha, na kutoka kwenye kona ile walitoka wawili bega kwa bega, mashavu ya Rehema yametuna kama siku niliyomtoa ndani. Akashinda kwa hatua mbili. Mwalimu Kulwa alikuwa amesimama mdomo wazi, machozi yanateremka.

"Ngapi, Mwalimu?" Shabani akauliza. "Amekimbia ngapi?"

Mwalimu akaangalia mkononi. "Sikubonyeza," akasema. "Nilikuwa namtazama."

Waamuzi walikuwa na saa zao, na waliandika walichoandika. Sisi tulirudi Bagamoyo hatujui.

Majina sijawahi kukosea, lakini Mwalimu Kulwa anasisitiza kwamba yule wa Mafia hakuwa Asha, alikuwa Amina, na Asha alikuwa dada yake aliyekaa jukwaani nyuma yangu akitafuna karanga. Kama ni kweli, basi nilimzomea mtu aliyekaa. Wewe uliyekuwa wa pili siku ile, kama haya yamekufikia, nitumie salamu kwa yeyote anayekuja Zinga, useme jina lako nami nitalirekebisha kwenye daftari na kukuomba radhi, wewe na dada yako. Na Rehema anasema alikupita kabla ya kona; mimi niliona baada ya kona. Wewe ndiye uliyepitwa, wewe ndiye unayejua. Ukinisahihisha, nisahihishe polepole sikioni, maana Rehema akisikia kwamba yeye ndiye aliyesema sawa, kwangu hapatalalika.